Darubini nyepesi ya Dobson: pima kwanza, kata baadaye

Ukiishi Arusha mjini na giza la kweli linaanzia Ngaramtoni au njia ya Monduli, darubini inayohitaji pikapu itakaa stoo. Ninayoieleza hapa ina kioo kikuu cha milimita 200, fokasi yake (umbali kutoka kioo hadi taswira inapojitokeza) milimita 1,200. Sehemu inayoinuka na kuinama ina kilo 8, na yote hufunguliwa vipande vikapanda bodaboda. Mtindo ni ule wa John Dobson wa San Francisco: boksi la mbao linaloteleza juu ya vipande vya Teflon (plastiki inayoteleza), bila mota.

Hatua ya 1. Kusanya kila kitakachobebwa kabla ya kukata ubao: kioo kikuu, kioo kidogo cha mshazari, kilengeo (cha kuielekezea darubini kwenye nyota), lenzi ya jicho nzito kuliko zote ulizo nazo, hata kitambaa cheusi cha kuzungushia mabomba yanayounganisha boksi la kioo kikuu na pete ya juu. Fundi seremala atataka vipimo siku hiyohiyo. Mwambie asubiri.

Hatua ya 2. Punguza uzito wa juu. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tumia pete moja ya juu, ile inayoshika kioo kidogo, ya plaiwudi ya milimita 12 badala ya mbili, kilengeo cha nukta nyekundu badala ya darubini ndogo, na mabomba membamba ya alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha. Boksi la kioo usilihangaikie sana. Uzito wake unakusaidia.

Hatua ya 3. Tafuta kitovu cha uzito kwa kanuni ya wenzo ya shule ya msingi. Pima kila sehemu kwa mizani ya duka. Yangu: boksi la kioo pamoja na kioo chenyewe kilo 5.4, mabomba kilo 0.8, katikati yake ikiwa sentimita 60 kutoka kitovu cha boksi. Pete ya juu na vyake kilo 1.8, kwenye sentimita 110.

(0.8 × 60) + (1.8 × 110) = 246
246 ÷ 8 = karibu sentimita 31

Mhimili, yaani mstari ambao darubini huinuka na kuinama juu yake, unakaa sentimita 31 juu ya kitovu cha boksi. Sasa ongeza lenzi ya gramu 300 kule juu, sentimita 79 kutoka mhimili. Kuisawazisha utahitaji gramu 765 hivi chini. Umebeba zaidi ya kilo moja kwa ajili ya lenzi moja! Ndiyo maana nakazania hatua ya 2.

Hatua ya 4. Kata beringi za mbao, nusu duara mbili za kuibeba darubini kwenye mhimili. Ziwe kubwa: kipenyo cha sentimita 40 kinahimili tofauti ya uzito mara mbili ya kile cha 20, kwa sababu msuguano unakuwa mbali zaidi na mhimili. Ukingo uvishe fomaika (karatasi ngumu ya plastiki ya kufunikia meza) yenye chengachenga. Ile laini kabisa huganda. Urefu wa boksi la kubebea, lile la nje ambamo darubini huinuka na kuinama: pima kutoka mhimili hadi kona ya mbali ya boksi la kioo, ongeza sentimita 2.

Hatua ya 5. Jaribu katika pembe tatu: mlalo, nusu, karibu wima. Ikitulia mlalo lakini ukiiinua inarudi chini, kitovu cha uzito kiko chini ya mhimili. Ikiendelea kupanda yenyewe, kiko juu yake. Wengi huongeza vyuma mkiani, na havisaidii. Sogeza beringi juu au chini, au hamisha kilengeo upande mwingine wa pete. Jaribio hili fanya kivulini: kioo kilicho wazi kikielekea jua huunguza.

Hatua ya 6. Kitako, ubao wa chini ambao boksi la kubebea huzunguka juu yake. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini, ambao sayari huzitazama kwa pembeni. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo Mshtarii na kundi la Orion hupita karibu na utosi, na huko kila kusogea kidogo kunadai kuzungusha kitako sana. Sogeza vipande vitatu vya Teflon ndani kuelekea katikati, theluthi moja ya njia kutoka miguuni, na kitako kiwe cha plaiwudi ya milimita 18 kisipinde. Kikibaki kigumu, paka fomaika nta ya kung'arishia gari, ufute, ujaribu tena kwa kidole kimoja.