Laptopi ya Zamani Inapokuwa Nzito: Pa Kuanzia na Pa Kuweka Fedha Yako

Laptopi nyingi zinazouzwa Kariakoo na katika maduka mengine ya kompyuta za mtumba zilianza maisha yake katika ofisi za nje ya nchi. Miongoni mwake ni HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 2010. Ni mashine imara, na nyingi bado zinaweza kumfaa mwanafunzi, mwalimu au mwenye duka kwa kazi zake za kila siku, lakini wamiliki wengi huzikatia tamaa kwa sababu huchukua dakika kadhaa kuwaka na huganda kila zinapofunguliwa programu mbili au tatu kwa pamoja. Wengine hutoa fedha kabla ya kujua kinachoichelewesha mashine: huyu anaongeza RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizo wazi) wakati tatizo ni diski (hifadhi ya kudumu ya faili), yule anapiga Windows upya kila baada ya miezi michache, na uzito unarudi pale pale.

Kumtambua mchelewaji hakuhitaji fundi. Washa laptopi, iache itulie kwa dakika kumi hivi ili imalize shughuli zake za kuwaka, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika dirisha la Task Manager litakalofunguka, tazama safu za CPU (prosesa, yaani ubongo wa mashine), Memory (RAM) na Disk (diski) huku ukifungua programu unazozitumia siku zote. Ikiwa Disk inang'ang'ania kwenye asilimia 100 ilhali data inayosomwa ni MB moja au mbili tu kwa sekunde, diski ndiyo inayovisubirisha vifaa vingine vyote. Ikiwa Memory inapita asilimia 85 kabla hujafungua kitu chochote kizito, RAM ni ndogo. Na kama mashine huanza vizuri lakini husuasua baada ya nusu saa huku feni ikivuma, shaka ya kwanza iwe joto.

Ukiwa katika dirisha hilo hilo, fungua orodha ya Startup na uzime programu zinazojiwasha zenyewe bila kuhitajika, kama vile za muziki na za mazungumzo, ila usiguse zile za antivirusi na za padi ya kugusa. Ondoa pia antivirusi ya pili ikiwa zimewekwa mbili, kwa kuwa kila moja hutaka kukagua faili lile lile, na ile inayokuja na Windows yenyewe inamtosha mtumiaji wa kawaida. Programu zinazojinadi kwamba "zitasafisha" kompyuta au "zitaongeza kasi" ya mashine ziache kabisa, kwani nyingi hujiwasha kila mara na kuongeza mzigo ule ule zinaodai kuupunguza. Hatari zaidi ni programu za kuamshia (activate) Windows na Office za wizi, maana ndani yake mara nyingi hufichwa programu haribifu zinazotumia prosesa yako kwa faida ya mtu mwingine.

Hatua hizo ni za bure na zinasaidia, lakini kwa laptopi yenye diski ya kuzunguka hazifiki mbali. Ndani ya diski hiyo mna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosogea huku na huko kutafuta data. Kila msogeo, pamoja na kusubiri sahani ifike mahali pake, huchukua zaidi ya milisekunde kumi, kwa hiyo diski hiyo haiwezi kushughulikia maombi madogo yaliyotawanyika yanayofika hata mia moja kwa sekunde. Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogo za namna hiyo. SSD, hifadhi inayotumia chipu badala ya sahani, haina kitu kinachosogea, nayo hujibu maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Ndiyo maana, kama bajeti yako inaruhusu kununua kitu kimoja tu, nunua SSD, hata kama mashine ina prosesa ya zamani na SATA (njia ya kuunganishia diski) ya kizazi cha pili.

Laptopi zilizokuja na diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 kwa kawaida huchukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7. Zile zenye tundu la M.2 (la SSD nyembamba kama kadi) zinahitaji uangalifu, kwa sababu baadhi hupokea M.2 ya SATA tu na nyingine hupokea NVMe (njia yenye kasi zaidi kuliko SATA), na vifaa hivyo viwili hufanana kwa macho. Tafuta jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya mashine, usome maelezo ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Kama hifadhi ni eMMC (chipu ya hifadhi) iliyochomelewa kwenye ubao mama, kama ilivyo katika laptopi ndogo za bei ya chini zenye GB 32, haiwezi kubadilishwa, na fedha yako ni heri uiweke akiba ya mashine nyingine.

Kwa nyaraka, barua pepe na intaneti, GB 240 au 256 zinatosha. Usivutwe na SSD isiyo na jina inayodaiwa kuwa na TB kadhaa kwa bei ya kutupa: bandia za aina hiyo huonyesha ukubwa wa uongo, na faili huharibika pindi nafasi halisi inapojaa. Mwombe muuzaji akiunganishe kifaa na kompyuta mbele yako na akifungue kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski na saa ilizokwisha kufanya kazi. SSD inayoitwa mpya lakini ina maelfu ya saa ni iliyotumika, na bei yake inapaswa kusema hivyo.

Kabla ya kufungua mashine, nakili faili zako muhimu mahali pengine na uhakikishe kwamba nakala hizo zinafunguka. Zima laptopi kabisa, chomoa chaja, toa betri au uchomoe waya wake ikiwa imo ndani, na uguse chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na ubandike kila skrubu kwa utepe mahali ilipotoka, kwa sababu skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inaweza kutoboa sehemu ya juu au kuukwaruza ubao mama.

Unaweza kuhamisha mfumo mzima kutoka diski ya zamani kwa waya wa USB wa kuunganishia SATA na programu kama Clonezilla. Mimi napendelea kupiga Windows upya, kwa sababu kunakili diski ya miaka mingi ni kuuhamisha pia uchafu wake wote. Utahitaji flashi ya GB 8 na kifurushi cha intaneti cha kutosha, kwani faili la Windows lenyewe linazidi GB 4. Kama Windows 10 yako ilikuwa imeamshwa kihalali, leseni yake imefungamana na ubao mama, hivyo baada ya kubadilisha diski itajiamsha tena ukiunganisha intaneti. Chaji betri ijae kabla ya kuanza, umeme usije ukakatika katikati ya kazi.

Baada ya SSD, RAM ndiyo inayofuata. GB 4 leo ni kidogo kwa kivinjari chenye kurasa nyingi, na GB 8 huleta nafuu ya kweli. Hakikisha aina kabla ya kununua, kwa mfano mashine nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne hutumia RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35, na ile ya DDR4 haiingii kwenye tundu lake. ThinkPad X240 ina tundu moja tu, hivyo kuongeza kunamaanisha kuitoa ya zamani. Tena, kama Windows iliyopo ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza, na itakubidi kuweka ya biti 64.

Joto hutibiwa kwa bisibisi na mswaki laini. Vumbi hujifunga kama blanketi kati ya feni na mapezi ya chuma ya kupozea, nayo prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Shikilia feni isizunguke unapopiga mswaki, na dawa ya kijivu iliyo juu ya prosesa ikiwa imekauka, mpe fundi aipake upya. Ikiwa CPU inabaki chini ya GHz 1 muda wote, hata mashine ikiwa baridi, jaribu chaja nyingine: baadhi ya Dell hushusha kasi ya prosesa zisipoitambua chaja.

Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 bure kwa watu wengi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine karibu zote zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Kwa hizo, Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, ni chaguo lenye busara, kwani huhitaji RAM ya GB 2 tu, ingawa 4 ni bora, na inakuja na LibreOffice, programu za ofisi. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kuiweka, ukague Wi-Fi, sauti na printa yako.

Diski uliyoitoa ikaguliwe kwa CrystalDiskInfo. Ikiwa nzima, iwekee kasha la USB na uitumie kuhifadhi nakala. Ukiamua kuiuza, iformati baada ya kuondoa alama kwenye kisanduku cha Quick Format, kwa sababu faili zilizofutwa kwa njia ya kawaida zinaweza kurudishwa na yeyote atakayeinunua.