Mjomba Kafa, Madaftari Yapo: Namna ya Kuokoa Mashairi ya Malenga wa Kijijini

Mjomba alikuwa mkulima wa mahindi. Alitunga mashairi miaka yote niliyomjua, ila hakuwahi kujiita mshairi. Machache yalitoka gazetini. Mengine yalibaki kwenye madaftari ya shule aliyoyafunga kwa mpira wa baiskeli na kuyapachika darini juu ya jiko, ili moshi ufukuze wadudu. Alipofariki nilifika siku ya pili, nikakuta daftari moja limeshaanza kuchanwa kuwashia moto wa kupikia wageni wa msibani. Simlaumu mtu. Karatasi kuukuu jikoni kazi yake inajulikana.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwahi. Zungumza na mjane kabla hujagusa chochote, maana madaftari ni yake kuliko yako, kisha omba yawekwe mahali pamoja. Usiulizie madaftari tu. Tazama nyuma ya kalenda, ndani ya vitabu vya dini, kwenye bahasha za barua. Mjomba aliandika hata kwenye mifuko ya karatasi ya mbegu.

Kurasa zilizolowa zianikwe kivulini, si juani. Zilizogandana ziache mpaka zikauke, ndipo uzitenganishe taratibu. Selotepu usiiguse kabisa. Baada ya miaka michache inageuka njano na kuondoka na wino. Weka namba kila ukurasa kwa penseli, pembeni, kwa mpangilio uleule ulioukuta. Halafu piga picha kwa simu karibu na dirisha, bila taa ya simu, ukurasa mzima pamoja na kingo zake. Piga na upande wa pili hata kama hauna shairi. Mjomba hakuwa na desturi ya kuandika tarehe, lakini nyuma ya shairi moja palikuwa na hesabu ya magunia na mwaka wa mavuno, nami nikapata pa kuanzia. Kama mzee wako aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mtafute anayesoma Kiswahili katika hati hiyo. Kujua Kiarabu peke yake hakutoshi.

Sasa kunakili. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipokosea.

Mchwa walikuwa wamekula ukingo wa kulia wa ukurasa mmoja. Ubeti ulibaki hivi:

Jembe langu la zamani, liko kando ya ukuta,
Nimelitia shambani, vuli nyingi zimepita,
Leo nguvu mikononi, zimekwisha, na...
Nani ataliokota, jembe langu nikilala?

Shairi la vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi) lina bahati moja: hata likiliwa, linakuambia kilicholiwa. Kila kipande, yaani nusu ya mshororo (mstari), kina mizani 8. "Zimekwisha, na" ni 5, basi zimepotea 3. Kina cha mwisho katika mishororo mitatu ya kwanza ni "ta", basi neno linaishia hapo. Nikajaza "natafuta". Mizani imetimia, kina kimekaa, maana ipo. Nilijipongeza.

Mke wa mjomba aliponisikia nikiusoma alicheka. "Natafuta nini, mwanangu? Ni *naburuta*. Mwaka ule hakuweza tena kulibeba begani. Ukitoka asubuhi unaona mstari wa jembe kwenye vumbi, toka mlangoni hadi shambani."

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Neno nililolibuni mimi naliweka ndani ya mabano ya mraba, nililopewa na mtu naliandikia pembeni jina la aliyenipa, na ambalo halikupatikana naacha nukta. Vina na mizani vinakuonyesha ni nini kingeweza kuwa pale. Kilichokuwapo wanakijua walioishi naye.

Jingine: usisahihishe. Binamu yangu mwalimu alitaka kituo, yaani mshororo wa mwisho, kianze na "Nani atakayeliokota", akidai ndivyo sarufi inavyotaka. Hesabu: mizani 10. Washairi wana ruhusa yao ya kufupisha na kurefusha maneno, inkisari na mazida, na waliitumia wakijua wanachofanya. Hata lahaja ya kwao iache ilivyo.

Baada ya karatasi, nenda kwa watu. Usimwambie mzee "nisomee shairi", mwambie aghani. Kwa maneno matupu watakwama ubeti wa pili, lakini sauti ikishapanda wanavuka. Wakikwama, warudishe kwenye kibwagizo, mshororo unaorudiwa kila ubeti. Rekodi kwa simu, na mwanzoni taja tarehe na anayeghani. Ukiona kazi hii ni ya kuokoteza makombo, mkumbuke Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840: mengi ya mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua na mmishonari W. E. Taylor wakiwategemea waliokuwa bado wanayakumbuka.

Magazetini tafuta kwa lakabu pia, si kwa jina halisi tu. Na kama shairi lenyewe halionekani, tafuta majibu yake. Washairi wa magazetini walilumbana: mmoja anauliza, wengine wanamjibu wakilitaja swali na mara nyingi wakifuata bahari yake, yaani mtindo wake wa vina na mizani. Toleo lenye swali la mjomba sikulipata, ila jibu moja nililipata, na ndani yake mlikuwa na nusu ya swali. Kwa Tanzania, anzia Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Beba subira, nyingi ya kazi hii ni kufunua kurasa.

Kuhusu haki, kwa ufupi: kwa sheria ya Tanzania Bara ya 1999, hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Haihitaji usajili ili iwepo, ingawa unaweza kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Maana yake warithi wakubali kwanza, tena kwa maandishi, kabla hujachapa au kumpa mtu yeyote.

Mwisho rudisha kazi nyumbani kabla haijatoka nje. Nilimsomea mke wa mjomba nakala safi jioni tatu mfululizo, naye akanisimamisha mara sita. Matano yalikuwa maneno, nikayaingiza. La sita alitaka ubeti mzima utolewe, kwa sababu unamsema jirani ambaye bado yu hai na ndiye anayemchotea maji. Tukakubaliana: kwenye nakala ya familia ubaki, kwenye ile ya kusambaza usiwepo, na mahali pake niweke mstari wa nukta.