Kuseti nywele na rola nyumbani mpaka zitoke laini

Jamani wadada, siku hizi kila mtu ni pasi ya nywele tu, rola zimetupwa kwenye droo, na mimi inaniuma kweli maana pasi inashika unywele moja kwa moja kwa joto linaloweza kufika nyuzi 200 na kuendelea, wakati rola inataka hewa ya moto tu na nywele zinatoka zimejaa, laini, zinacheza. Nywele za dawa zinakubali na za asili zinakubali, ila za asili zinataka subira zaidi.

Kwanza rola zenyewe. Chukua zile za plastiki laini zenye matundu, zinabanwa na pini. Zile za kunata zenye vimiba usiziweke kabisa kwenye nywele zetu zikiwa mbichi, kuzitoa ni kilio na zinaondoka na nywele. Saizi inategemea unataka nini na urefu ulionao, nywele ikizunguka rola mara 1 tu unapata ncha iliyojikunja, ikizunguka mara 2 na nusu hapo una mkunjo kamili. Kwahiyo mwenye nywele fupi asikimbilie rola kubwa.

Osha na shampuu, weka kondishena, na hapohapo kondishena ikiwa kichwani chana kuanzia kwenye ncha ukipanda juu mpaka kitana kipite bila kukwama, halafu ndo usuuze. Kama kuna fundo umeliacha utakutana nalo kwenye rola. Ukimaliza usizikaushe na taulo mpaka zikauke, zibonyeze tu na tisheti ya pamba maji yaache kuchuruzika, nywele inatakiwa ilowe kweli wakati unafunga. Sababu ni hii, unywele ukilowa kuna viunganisho ndani yake vya haidrojeni vinaachia, ukikaukia kwenye rola vinashika upya kwa umbo la rola. Ukifunga nywele iliyoanza kukauka umbo limeshajishikia lenyewe, ndo unaona watu wanatoka na mawimbi ya ajabu ajabu. Weka chupa ya kupulizia maji karibu, sehemu ikianza kukauka unalowesha tena. Losheni ya kusetia changanya na maji kama chupa inavosema, ikizidi inaacha unga mweupe na nywele zinakuwa ngumu.

Kufunga anza utosini, toka mbele kurudi nyuma, halafu pembeni, kisogoni mwisho. Fungu lisiwe pana kuliko urefu wa rola wala nene kuliko rola yenyewe. Linyanyue lisimame wima, chana na kitana cha meno membamba kuanzia kwenye shina mpaka mwisho, ncha zifunike na ile karatasi nyembamba ya kusetia (maduka ya vipodozi wanayo), hakikisha hakuna hata ncha moja iliyopinda maana ikikaukia hivo itabaki hivo, halafu zungusha ukishuka huku umevuta kiasi. Kiasi nasisitiza, ngozi ya pembeni ya uso ikivutika au kichwa kikigonga, fungua urudie, nywele za mbele zikishakatika kurudi ni kazi sana.

Sasa kukausha, na hapa ndo wengi wanaharibu. Draya ya kofia kwa nywele nyingi ni saa 1 mpaka 1 na nusu, kama huna kuna zile kofia za kitambaa unachomeka kwenye blodrai, nazo zinafanya kazi. Kukausha na hewa tu inawezekana ila Dar au Tanga kipindi cha masika utalala nazo na asubuhi bado mbichi. Ukidhani tayari, zima draya usubiri nywele zipoe, fungua rola moja kisogoni au utosini pale penye nywele nzito, shika shina kwa vidole, ukisikia ubaridi ubaridi bado kuna maji, irudishe uendelee. Mbichi kidogo tu na seti nzima inavimba ndani ya saa chache.

Kutoa usivute, fungua kwa kuzungusha kinyume. Tone la mafuta viganjani, tenganisha kwa vidole, kitana achana nacho kama unataka mikunjo. Mwenye nywele za asili mashina yatabaki yamevimba, pitisha blodrai na brashi ya mviringo kwenye mashina peke yake, saluni za Wadominika (watu wa Jamhuri ya Dominika) kule New York ndo wanavomalizia hivo.

Usiku zungushia nywele kichwani, bana na pini, funga mtandio wa satini. Bafuni vaa kofia ya kuogea hata kama huoshi kichwa, mvuke peke yake unatosha kuzirudisha.