Somo: Jinsi ya kupanga bei ya programu uliyoitengeneza mwenyewe

Wakuu, somo hili ni la anayetengeneza programu peke yake na sasa anataka kuiuza. Kwangu mimi, bei ya haki haimuumizi mnunuzi, na inakuwezesha wewe kuendelea kuihudumia programu hadi mwakani. Hilo la pili husahaulika sana, na programu ikitelekezwa anayeumia ni yule yule aliyeinunua kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 1: Orodhesha gharama zinazojirudia. Saa ulizotumia kuandika msimbo zimeshapita, na mnunuzi hazimhusu. Hesabu seva, jina la tovuti, cheti cha kusaini programu (kinachothibitisha kuwa imetoka kwako), na hasa muda wa kujibu wateja na kurekebisha hitilafu kila mfumo endeshi unapobadilika.

Hatua ya 2: Toa makato ya duka. Duka la programu la Apple hukata 30% ya mauzo, ila tangu Januari 2021 ina mpango wa 15% kwa watengenezaji wadogo ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka. Mpango huo lazima uuombe. Steam, duka la michezo ya kompyuta, huanza na 30%: ukiuza kwa dola 10 unabaki na 7, na kodi bado.

Hatua ya 3: Pima thamani kwa mtumiaji. Hapa ndipo penye kazi. Zungumza na wanaofanya shughuli hiyo kila siku: sasa hivi wanaifanyaje? Inawala muda gani? Wakikosea wanapoteza nini? Programu inayomwokolea mhasibu saa tatu kila wiki haiwezi kulingana bei na inayobadilisha rangi za skrini, hata kama zote mbili ulizimaliza kwa mwezi mmoja. Usiwaulize tu wangelipa kiasi gani, kwani wengi hutaja bei ndogo. Uliza wanacholipia leo.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kulipwa. Programu isiyohitaji seva yako, uza mara moja. Malipo ya kila mwezi yawe pale tu ambapo nawe una gharama za kila mwezi. Ipo njia ya kati ninayoipenda: kwa JetBrains, kampuni inayouza zana za kuandikia programu, anayelipia mwaka mzima hubaki na toleo la kutumia hata akiacha kulipa.

Hatua ya 5: Waache wajaribu kwanza. Mwaka 1982 Andrew Fluegelman aliigawa bure PC-Talk, programu yake ya kuwasilianisha kompyuta, akiwaomba walioridhika wamtumie dola 25.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikianza na bei ya chini kabisa halafu nipandishe baadaye?
Jibu: Sikushauri. Weka bei kamili, kisha utoe punguzo lenye tarehe ya mwisho. Anayekuja baadaye hatahisi ameonewa.

Swali: Programu yangu ina leseni ya GPL, ile leseni huria inayoruhusu kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Naruhusiwa kuiuza?
Jibu: Ndiyo, kwa bei yoyote. Ila uliyemuuzia ana haki ya kupata msimbo wake, na anaweza kuwagawia wengine bure. Kwa hiyo wengi hutoza huduma na msaada.

Swali: Wanafunzi wananiomba bure kila siku, nifanyeje?
Jibu: Weka bei ya wanafunzi na uiandike wazi kwenye ukurasa wa mauzo, aipate hata yule anayeona aibu kuomba.