Samaki wa kupaka baada ya kukata utumbo: ladha ibaki, mafuta yapungue

Swali ninaloulizwa kuliko yote jikoni kwangu Kinondoni ni hili: "Dada, samaki wa nazi nitakula tena lini?" Mtu amekata utumbo, yaani amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, amemaliza wiki za maji, supu ya kuchuja na vyakula vya kusaga, amevumilia yote. Halafu jioni moja jirani anachemsha tui, harufu inaingia dirishani, na mtu mzima anatokwa machozi. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Mimi ni mama lishe. Nilianza kuwapikia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kwa sababu ya mdogo wangu, aliyefanyiwa baipasi, aina mojawapo ya upasuaji huo, akaja kuuguzwa kwangu. Mwezi wa tatu nilimpikia samaki wa kupaka kama mama yetu alivyotufundisha: samaki wa kukaanga, tui zito la nazi mbili, na wali wa nazi pembeni. Alikula vijiko vinne. Haikufika nusu saa jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata, akalala mkekani mpaka magharibi. Nilijilaumu sana. Nikaanza kukipika chakula kilekile upya, wiki baada ya wiki, mpaka nikaelewa kwamba utamu wa chakula cha nazi huingia dakika za mwisho, ila mafuta yake mengi tunayamimina mwanzoni. Kwa hiyo mwisho siugusi. Nabadilisha mwanzo.

Kabla hujawasha jiko

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari au afisa lishe wake ameshamruhusu kula chakula cha kawaida. Kwa wengi ni kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, lakini kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba uliyopewa wewe ndiyo ya kufuata. Kama bado uko kwenye vyakula vya kusaga, samaki huyu anakusubiri.

Mtaani tunasema "kukata utumbo", lakini kwenye slivu, aina nyingine ya upasuaji huu, utumbo hauguswi kabisa. Kinachokatwa ni mfuko wa tumbo: sehemu kama robo tatu au zaidi huondolewa, na kinachobaki ni kimrija chenye umbo la ndizi. Kwenye baipasi daktari hutengeneza kifuko kidogo, karibu na ukubwa wa yai, kisha hukiunganisha na utumbo mdogo sehemu ya mbele zaidi. Ndiyo maana sukari na mafuta mengi vikiingia kwa mkupuo hushuka haraka kwenye utumbo na kuleta yale yaliyompata mdogo wangu. Hospitalini wanaita dampingi. Huwapata zaidi waliofanyiwa baipasi, ila wa slivu nao hawajasalimika.

Kwa mpishi, maana yake ni kwamba chakula kiwe laini na chenye unyevu, kiwe kidogo, na protini itangulie. Wengi huelekezwa wafikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Ukiwa na tumbo dogo namna hiyo, huna nafasi ya kuijaza wali.

Hatua ya 1: Samaki

Nenda Feri, soko la samaki hapa Dar, asubuhi mapema. Mimi huchukua kolekole, kwa sababu mnofu wake ni mnene na mifupa yake inaonekana. Changu ni mtamu, lakini vimiba vyake vinahitaji mtu wa kuvitoa kimoja kimoja kabla sahani haijafika mezani. Nguru anafaa pia, ila hukauka haraka motoni, na samaki mkavu hukwama kifuani kama nyama ngumu. Pweza mwache kwanza. Miezi ya mwanzo hata ukimchemsha kutwa nzima bado ni mgumu kwa tumbo hili.

Vijana wanaoparua samaki pale watakusafishia na kukukatia minofu kwa malipo kidogo. Nusu kilo ya minofu inatosha familia ndogo. Ya mgonjwa ni kipande cha gramu 70 hivi kikishaiva, kama kiganja cha mtoto, na humo kuna protini ya gramu 15 au zaidi.

Paka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, na manjano kidogo. Mwache dakika 20. Asizidi hapo, maana ndimu ikikaa sana hukaza mnofu.

Hatua ya 2: Choma, usikaange

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na samaki wa kuelea kwenye karai hunywa zaidi ya kijiko kimoja. Washa jiko la mkaa, subiri moto utulie ubaki makaa mekundu, pakaza wavu mafuta kidogo kwa kitambaa, kisha choma dakika 3 au 4 kila upande. Mtoe akiwa bado hajaiva vizuri katikati. Ataivia kwenye tui, na huko ndiko atakakokunywa unyevu.

Kwenye makaa hayohayo weka nyanya 2 na kitunguu maji 1, vyote vizima na maganda yake, uvigeuzegeuze mpaka viungue nje na kulainika ndani. Moshi huu ndio utakaoziba pengo la mafuta. Usiuruke.

Hatua ya 3: Tui

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa kuacha nazi kabisa na kupika mchuzi wa maji. Hakuna haja. Bibi zetu walishatuachia jibu: nazi moja hutoa tui zito na tui jepesi.

Kuna nazi yako kwa mbuzi. Mimina maji ya uvuguvugu chini ya kikombe, kamua, chuja. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Rudisha machicha, mimina maji vikombe 2, kamua tena. Hilo la pili ni jepesi, bado lina harufu ya nazi lakini mafuta mengi yameshatoka na lile la kwanza. Chakula chote kitapikwa kwa la pili. Tui zito litatumika vijiko 2 tu vya chakula, mwishoni. Ukitumia tui la pakiti, changanya sehemu 1 ya tui na 3 za maji upate jepesi.

Tatizo la tui jepesi ni kwamba mchuzi hauwi mzito, na mchuzi wa kupaka bila uzito haumkai samaki. Nilijaribu mtindi, ukichemka hukatika, mchuzi ukabaki na vipandevipande. Nilijaribu unga wa mahindi, ukawa uji. Kilichofaa ni boga. Chemsha kipande cha boga, ponda vijiko 3 vikubwa viwe laini kabisa. Linakoleza rangi, linaleta utamu kidogo usio wa sukari ya kuongeza, na linapatana na nazi kwa sababu vimezoeana sufuriani tangu zamani.

Sasa menya nyanya na kitunguu ulivyochoma, saga pamoja na punje 3 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Weka sufuriani bila mafuta, ongeza tui jepesi kidogo, bizari ya mchuzi kijiko cha chai na manjano nusu kijiko. Acha vichemke dakika 10 hivi mpaka harufu ya ubichi iishe. Mimina tui jepesi lililobaki, na kuanzia hapo koroga bila kuacha mpaka lichemke, la sivyo litakatika. Tia boga. Kama mgonjwa anastahimili, tumbukiza pilipili mbuzi moja nzima, isipasuke. Itatoa harufu bila ukali, uitoe mwishoni.

Moto mdogo, dakika 15, mpaka mchuzi ushike mwiko. Laza samaki, mwagilie mchuzi juu, funika dakika 5. Epua. Kamulia ndimu, kisha zungushia vile vijiko 2 vya tui zito na ufunike. Usirudishe motoni. Tui zito ambalo halijachemshwa ndilo linalobeba harufu yote uliyoikumbuka, na mtu akifunua sufuria hatajua kwamba umepunguza kitu.

Hatua ya 4: Sahani

Tumia kisahani cha chai na kijiko cha chai. Samaki kwanza, mchicha uliopikwa ukalainika wa pili, wali wa mwisho, vijiko 2 au 3.

Kuhusu wali nitasema ninachoamini. Kuna wanaosaga koliflawa na kuiita wali. Kama unaipenda, kula. Mimi sipiki, kwa sababu mtu aliyelelewa na mchele wa Kyela hatadanganyika, atamaliza bakuli akiwa bado na kiu ya wali, halafu usiku atautafuta. Bora vijiko 2 vya wali wenyewe, uliopikwa kwa maji mengi zaidi ya kawaida ulainike, bila nazi maana nazi iko kwenye mchuzi. Wali huvimba na huwasumbua wengi, kwa hiyo tumbo likiukataa mara ya kwanza, weka boga la kuponda mahali pake na ujaribu tena baada ya wiki kadhaa.

Ondoa jagi mezani. Maji na chakula haviendi pamoja kwenye tumbo hili; subiri dakika 30 baada ya kula ndipo uanze kunywa, kidogo kidogo. Ila kwa joto la Dar, hasa Januari na Februari, usikubali kiu ikuzidi: chupa ya maji iwe mkononi muda wote ambao si wa kula.

Hatua ya 5: Kula mbele ya watu

Hili hospitalini hawakulisema, na ndilo lililomsumbua mdogo wangu kuliko chakula chenyewe. Kwetu tunakula sinia moja. Yeye anachukua tonge kama punje ya korosho, anatafuna mara 20 na zaidi, na shangazi anamwangalia: "Mbona unadonoa mwanangu, chakula kibaya?" Anaona haya, anaongeza tonge, dakika mbili baadaye yuko chooni anatapika.

Tulichofanya ni kumega sehemu yake kabla sinia haijatoka jikoni, tukaiweka upande wake pale pale siniani, samaki ameshatolewa miba. Anakula na wenzake, kwa mkono, na hakuna anayempimia. Mimi ndiye niliyesema na shangazi pembeni mapema: "Daktari kamwekea kipimo, shangazi, tumsaidie." Baada ya hapo shangazi ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Mwili una dalili zake za kusema basi: kwikwi, makamasi kuchuruzika ghafla, kifua kubana. Ikija mojawapo, acha hapohapo hata kama kimebaki kijiko kimoja. Na kutapika kukiendelea siku hadi siku, usijaribu mapishi mengine, rudi hospitali haraka. Mwili unaweza kuishiwa vitamini B1, na upungufu huo hudhuru mishipa ya fahamu. Vidonge vya vitamini ulivyoandikiwa ni vya maisha yote, wala hakuna samaki atakayevibadilisha.

Ukitamani zege (chipsi mayai)

Kanuni ni ileile. Kiazi kidogo kimoja, kichemshwe na kukatwa, kijiko cha chai cha mafuta kwenye kikaango kisichoshika, mayai 2 juu yake, funika, moto mdogo kabisa ili yai lisikauke. Hapo una protini ya gramu 12 hivi. Kachumbari iwe ya nyanya iliyomenywa na tango. Kabichi mbichi isubiri. Tomato sosi iache, sukari yake ni nyingi.

Kilichobaki

Samaki wa kupaka hukaa vizuri kwenye friji siku 2. Umeme ukikatika muda mrefu, usimhurumie, mwage, maana tui huchacha upesi. Lile tui zito lililosalia ligandishe kwenye vibao vya barafu, kila kitundu kiwe na kijiko kimoja. Siku ya kupasha, weka sufuria kwenye moto mdogo na vijiko 2 vya maji, ikipata joto epua, kisha tumbukiza kipande kimoja cha tui lililoganda na ufunike mpaka kiyeyuke chenyewe.