SOMO: Keki ya chokoleti yenye bitiruti (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, tangu niseme kwamba wanangu wanakula bitiruti bila kujua, kila siku naulizwa lile lile: nawafichiaje? Ndani ya keki hii. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena namrudisha hapa.

Mahitaji: bitiruti zilizoiva na kumenywa gramu 250 (mbili za wastani), unga wa ngano gramu 180, kakao tupu gramu 60, sukari gramu 200, mayai 3, mafuta ya kula mililita 180, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, vanila, chumvi kidogo.

1. Osha bitiruti. Usimenye, usikate mkia.

2. Chemsha mpaka kisu kiingie bila ubishi.

3. Menya, kisha saga. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza nilimenya kabla, nikakatakata ziive haraka, na blenda ilipogoma nikaongeza nusu kikombe cha yale maji mekundu. Keki ikapanda, nikaitoa kifua mbele mbele ya wifi yangu. Kuikata, katikati uji mtupu. Bitiruti yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, haihitaji mengine! Zikishaiva zifute kwa kitambaa, usage kwa yale mafuta ya kwenye kipimo. Blenda ikigoma zima, koroga kwa kijiko, washa tena. Na rojo IPOE kabla ya kukutana na mayai, la sivyo yataivia humo humo.

4. Piga mayai na sukari, tia vanila, ndimu na rojo.

5. Chekecha vikavu, changanya taratibu. Unga ukishapotea, acha.

6. Oveni nyuzi 180, dakika 45 hadi 50. Wa jiko la mkaa: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko.

7. Ipoe kabisa ndipo ukate.

MASWALI

Kijana wa Tabata: Bitiruti ngapi?
Jibu: Mstari wa mahitaji.

Mama Pacha: Dada, sina kakao, nina chokoleti ya kunywa.
Jibu: Ile imejaa sukari. Kakao ndiyo inayoficha, bila hiyo bitiruti utaisikia kila ukitafuna. Sikuandika "tupu" kwa bahati mbaya.

Fundi Keki: Nimefuata kila kitu imekuwa chapati. Ila nilitia yai 1, na bekingi pauda sikuwa nayo.
Jibu: Basi hukufuata. Hiyo keki ni yako, usinitwike.

Binti Mdadisi: Samahani dada, mbona rojo ni jekundu hivyo lakini keki inatoka kahawia?
Jibu: Karibu sana, mdogo wangu. Rangi ile inaitwa betalaini, na moto huivunja. Magadi huiharibu zaidi, tindikali huitunza kidogo. Inayobaki inamezwa na kakao. Ila ndimu sikuiweka kwa ajili ya rangi. Ile harufu ya udongo ya bitiruti inatokana na kitu kiitwacho jiosmini, ndicho hicho hicho unachonusa mvua ya kwanza ikipiga ardhi kavu. Tindikali hukipunguza makali. Jaribu keki moja na ndimu, nyingine bila, utaniambia.

Mama Pacha: Dada! Mdogo kakojoa mkojo mwekundu!
Jibu: Pole, tulia. Bitiruti huwafanyia hivyo baadhi ya watu, hupita yenyewe. Ukiuona siku ambazo hajala bitiruti, mpeleke hospitali.

Baba J: Mzee wangu ana kisukari, hii inamfaa?
Jibu: Ina gramu 200 za sukari, mkuu. Ni keki.

Binti Mdadisi: Na boga je?
Jibu: Linafaa, kiasi kile kile, ila lipike kwa mvuke kisha likamue kwa kitambaa. Boga lina maji ya uchokozi. Na ukimpa mgeni, mwambie kilichomo. Kuficha ni kwa watoto wako unaowajua, mtu mwingine huwezi kujua ana mzio gani.

Kijana wa Tabata: Majani yake natupa?
Jibu: Hapo sasa umeuliza! Usitupe, ni ndugu wa mchicha. Vishina vitangulie kwenye kitunguu na nyanya, majani yafuate, malizia na tui zito. Mimi siku nyingine nanunua bitiruti kwa ajili ya majani tu.

Kijana wa Tabata: Tui la nazi ngapi?
Jibu: Moja, baba. Moja.