Osmosisi kwa mbatata na maji ya bahari, fanya mwenyewe nyumbani

Mimi kazi yangu ni maabara ya skuli hapa Mombasa, na watoto wengi wanaikariri osmosisi (maji kupita yenyewe kwa utando wa seli, kuelekea upande wenye chumvi nyingi) vizuri kabisa lakini ukiwauliza mbona mchicha wa sokoni unalegea jua likiwaka, kimya. Kwa hiyo fanyeni hii.

Hatua ya 1. Menya mbatata, kata vipande vitatu vyembamba, kila kimoja sentimita 5, pima kwa rula. Kimoja kichemshe dakika 5 alafu kiache kipoe.

Hatua ya 2. Glasi tatu. Ya kwanza maji ya bahari (mimi huteka pale Lighthouse), mbili zilobaki maji matamu. Maji ya kisima msitie jamani, visima vyetu vingi huku vina chumvi na yatawaharibia kazi, bora ya mvua ama ya chupa. Kilochemshwa kiende kwa maji matamu.

Hatua ya 3. Ngoja kama masaa mawili, toa, pangusa, pima tena na ujaribu kukipinda.

Cha bahari kimefupika kidogo na kinajikunja bila kukatika. Bahari ina karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani nje kuna chumvi nyingi kushinda ndani ya seli, basi maji yanatoka yenyewe kupitia utando, ile ngozi nyembamba ya seli, na seli haitumii nguvu yoyote. Cha maji matamu kimekakamaa, ukikipinda kinakatika ta! Maji yameingia, utando umesukuma ukuta wa seli na ukuta nao umekataa, na huko kusukumana ndiko kunaikaza seli, ndo maana mchicha ukinyunyiziwa maji unasimama tena. Kilochemshwa kimelegea vile vile japo kimelala kwa maji matamu, kwa sababu moto umeharibu utando, hakuna tena cha kuyazuia yaliyo ndani.

Seli zetu hazina ukuta. Chembe nyekundu ya damu ukiitia kwa maji matupu inavimba mpaka inapasuka, ndo maana dripu ya hospitali inatiwa chumvi, gramu 9 kwa lita. Na seli ya mnyama haikai tu, kwa utando wake kuna pampu ya protini inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kila mzunguko inakula molekyuli moja ya ATP, ndiyo inayobeba nguvu ya seli. Hiyo sasa si osmosisi, hiyo inalipiwa, na ikisimama seli inaanza kuvimba.

Hatua ya 4, kwa mwenye nafasi. Nenda kwenye mikoko ya Tudor maji yakitoka, tafuta mchu (mkoko wa kawaida hauna mambo haya), chuma jani alafu lilambe. Chumvi! Jani lina tezi zinazoisukuma nje kwa nguvu zake. Nenda siku ambayo haikunyesha, mvua ikishapita imeioshelea mbali na utalamba jani bure.